Gango la Mguu wa Feni

Usiku wa kaskazi mjini Tanga hauna upepo wa kutegemewa. Bahari hulala, makuti ya minazi hunyamaza, na nyumba za Ngamiani, ambazo kuta zake zimekunywa jua tangu asubuhi, huanza kulitapika joto hilo vyumbani saa ile ile ambayo wenyewe wanatafuta usingizi. Katika usiku mmoja wa namna hiyo feni ya mama yangu ilianguka. Mjukuu wake alipita mbio akifuata mpira, mguu wake ukanasa katika waya, na feni ikapiga sakafu kwa kishindo kilichowanyamazisha watu wote. Tulipoiinua tuliona kwamba mapanga yake ni mazima na wavu wake umebonyea kidogo tu. Na tulipouchomeka waya ukutani mota ikazunguka kwa mvumo wake wa siku zote, kana kwamba haikupata habari ya msiba uliotokea chini yake. Kilichovunjika kilikuwa mguu, yaani ile sahani ya plastiki ya duara inayoibeba nguzo: ufa ulianzia katika tundu la nguzo, ukaenda nusu ya njia, kisha ukagawanyika mikono miwili hata ukingoni, mithili ya mto unapoikaribia bahari.

Mama yangu amekwisha kuipita miaka 80, na kwa mtu wa umri huo feni si anasa wala pambo la chumba. Ni sehemu ya afya yake, kama bakora ilivyo sehemu ya mwendo wake. Kwa hiyo asubuhi yake nilikwenda katika duka ilikonunuliwa nikaomba niuziwe mguu peke yake. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba vipuri vya namna hiyo haviletwi, na kwamba wanaokuja kuviulizia ni wengi, nao hatimaye hununua feni nzima. Sikumlaumu, maana yeye auza alicholetewa. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa miguu jambo lile lilinilemea kifuani. Ndani ya mota ile mna shaba iliyochimbwa ardhini, ikayeyushwa, ikavutwa kuwa uzi mwembamba na kusokotwa mamia ya mara kuzunguka chuma. Mna mhimili ulionyoshwa kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuvihakiki. Na yote hayo, yakiwa mazima na tayari kwa kazi ya miaka mingine, yalikuwa yakihukumiwa kwenda jalalani kwa taksiri ya sahani ya plastiki ambayo thamani yake ni sehemu ndogo mno ya thamani ya jumla. Nauita udhalimu, nami nalitumia neno hilo kwa kusudi: udhalimu juu ya kazi ya mikono ya watu tusiowajua, juu ya mfuko wa mnunuzi, na juu ya ardhi itakayokabidhiwa mzoga huo iumeze, nayo isiweze.

Wala mguu wa feni si kisa cha pekee. Ukipita katika nyumba yoyote utaona kwamba kinachotangulia kufa katika vyombo vyetu aghalabu si moyo wa chombo bali kiungo kilicho karibu na mkono wa mtu: rafu ya mlango wa friji iliyoelemewa na chupa, kitufe cha blenda kilichozungushwa mara elfu, kifuniko cha betri cha rimoti ambacho sasa kimeshikwa kwa mpira wa kufungia noti, kikamatio cha mlango wa mashine ya kufulia. Mashine zimejengwa kwa chuma mahali ambapo hatuzigusi, na kwa plastiki mahali ambapo tunazigusa kila siku.

Jioni ile nilinunua tyubu mbili za gundi ambayo watu huiita supa gluu, nikaupangusa mguu kwa kitambaa, nikaziunganisha nyufa, nikatia gundi kwa ukarimu, nikafunga kamba kuzunguka ukingo na kuuacha hata asubuhi. Alfajiri ulionekana umeshika. Adhuhuri, nilipousimamisha na kuitia nguzo mahali pake, ufa ulifunguka bila hata sauti, na gundi yangu ikabanduka yote kwa pamoja, safi, nyembamba, angavu, kama ganda la ndani la kitunguu. Nililitazama ganda lile muda mrefu. Halikuwa limekatika wala kupasuka. Gundi ilikuwa nzima, plastiki ilikuwa nzima pande zote mbili za ufa, ila hizo mbili hazikuwa zimejuana hata kidogo. Zilikuwa zimelala bega kwa bega usiku kucha kama wasafiri wawili katika behewa moja, kila mmoja akishuka kituoni na mzigo wake.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja, fundi wa redio, ambaye huketi katika kibanda chenye harufu ya lehemu na vumbi la spika za zamani. Nilimwamkia, akaitika, akaupokea mguu. Wala hakuutazama ufa ambao mimi nilikuwa nikimwonyesha kwa kidole. Aliupindua. Upande wa chini, mahali ambapo hakuna anayepatazama, palikuwa na herufi mbili ndogo zilizochomoza katika plastiki yenyewe, P na P, zimewekwa baina ya alama mbili kama ncha za mishale.

"Hii haikubali gundi, mwanangu," akaniambia. "Hii hushonwa."

Nilikuwa nimeishi na feni ile miaka 7, nimeipangusa, nimeibeba, nimeiweka na kuiondoa, wala sikupata hata siku moja kujua kwamba imeandikwa jina lake chini ya wayo. Herufi zile zasimama badala ya polipropilini, ambayo pamoja na nduguye mkubwa, polithini, iliyozuka bila kutazamiwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, ndiyo imezijaza nyumba zetu ndoo, mabeseni, viti na vifuniko. Plastiki za jamii hii zina tabia ya kutopenda kuguswa. Uso wake hauna mahali pa kushikiwa. Kimiminika kikiwekwa juu yake hujikunja na kujikusanya kama maji juu ya jani la myugwa, na gundi ambayo haikuweza kutandaa haiwezi kushika, kwa kuwa kushika kote huanza kwa kutandaa na kugusana. Hii ndiyo sababu, na jambo hili alinieleza mzee yule huku akiichukua tyubu yangu tupu na kuigeuza vidoleni, ya chupa nyingi za supa gluu kufanywa kwa polithini: ni chombo kinachoweza kukaa na gundi tumboni bila ya kunaswa nayo. Ushahidi wa kosa langu nilikuwa nimeushika mkononi tangu mwanzo.

Pwani hii haikuingia jana katika maarifa ya kunasisha. Kabla ya tyubu hizi wazee walikuwa na embwe la ubuyu, walikuwa na ulimbo wa kunasia ndege, walikuwa na sherizi ya maseremala, na waunda majahazi walipiga kalafati, yaani waliipenyeza pamba iliyolowa mafuta baina ya mbao na mbao hata bahari ikakosa pa kuingilia. Na zaidi ya hayo ilikuwako sandarusi. Katika karne ya 19 watu wa Mrima walikuwa wakiifukua ardhini, utomvu wa miti iliyokwisha kufa na kusahauliwa, ambao ulikaa udongoni hata ukawa mgumu, wa manjano, wenye kupenyeza nuru. Ule mchanga, uliotoka mtini, uliitwa chakazi, nao wafanyabiashara wa Kiingereza, kwa kuwa neno lile halikukaa vizuri ndimini mwao, wakaligeuza likawa jina la punda dume katika lugha yao. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts zilibeba sandarusi ya Unguja kwa wingi, ikasafishwa huko na kupikwa pamoja na mafuta kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani za matajiri. Ulikuwako wakati, basi, ambapo utomvu ulitoka kwetu kwenda kung'arisha vyombo vya wengine. Leo utomvu wa viwandani watujia katika vityubu ambavyo bei ya kimoja haipiti sana nauli ya daladala, nasi twaupaka bila kuuliza ni wa kitu gani. Wachimbaji wale wa sandarusi waliweza kuitambua iliyokomaa na iliyo changa kwa kuitazama ngozi yake.

Kwa haki ya gundi yenyewe lazima niseme kwamba haikunikosea. Historia yake yafaa kujulikana na kila anayeitumia. Mwaka 1942, katikati ya vita vikuu vya pili, mkemia wa Marekani, Harry Coover, pamoja na wenzake katika kampuni ya Eastman Kodak, walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kufanyia vilengeo vya bunduki, wakapata kimiminika kilichonasa kila kilichokigusa. Wakakiacha, kwa kuwa walitaka kitu cha kutazamia, si cha kunasia. Mwaka 1951, huko Kingsport katika jimbo la Tennessee, mwenzake Fred Joyner alitandaza utando mwembamba wa kimiminika cha jamii hiyo baina ya miche miwili ya kioo katika chombo cha kupimia kupinda kwa nuru, na miche ile ikakataa kuachana. Hapo ndipo Coover alipotambua kwamba ile ile aibu iliyomfanya akitupe kitu kile miaka 9 nyuma ndiyo sifa yake, na mwaka 1958 gundi ikaingia sokoni. Nayo haigandi kama rangi ikaukavyo, kwa kupoteza umajimaji wake. Hugeuka yabisi kwa kukutana na maji, hata ule unyevu usioonekana unaolala juu ya kila kitu, ndiyo maana katika hewa nzito ya Tanga tyubu iliyofunguliwa leo yaweza kuwa jiwe kabla ya mwezi kuandama.

Mahali panapoistahili, gundi hii hufanya kazi ya ajabu. Juma lile lile, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kupindua kila kitu nyumbani kusoma nyayo zake, nilikuta kwamba kitufe cha blenda, kilichopasuka shina lake tangu Ramadhani nazi zilipokuwa zikisagwa kila alasiri, kimeandikwa ABS, na ABS ni plastiki yenye moyo wa kupokea. Nilikiosha kwa sabuni kuliondoa tui la miezi mingi lililojificha katika ufa, nikakikausha juani, nikazikwaruza nyuso mbili kwa msasa. Neno hili msasa ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, nao mafundi wa kale waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya mchanga ilipokuja ikalirithi jina la jani. Lakini katika kazi ya gundi msasa hugeuza madhumuni yake: hatuupitishi ili uso uwe laini bali ili uwe na vijibonde na vijilima, gundi ipate pa kuingiza vidole. Kisha tone moja, wala si matano, kwa sababu utando mwembamba wa gundi hii hushika kuliko ule mnene. Kisha kukibana bila kutikisika, na mtu ahesabu pumzi zake. Baada ya hapo nililizungushia shina uzi mwembamba wa nailoni, nikaunyunyizia baikaboneti, ule unga mweupe wa waoka keki, na juu ya unga nikatia gundi tone kwa tone. Na unga ule ukagandamana papo hapo, mgumu kama jino. Uzi wa pamba haufai hapa, maana pamba ikilowa gundi hii hupata moto wa ghafula kiasi cha kumuunguza mtu kidole. Na dirisha liwe wazi, kwa kuwa mvuke wake huchoma macho na koo.

Iko mipaka ambayo mapenzi ya kuokoa vitu hayapaswi kuivuka. Mkono wa birika la umeme siugusi kwa gundi yoyote, maana joto huidhoofisha, na mtu huliinua birika hilo likiwa na maji yanayotokota juu ya miguu ya watoto. Sehemu inayogusana na chakula naiacha. Ganda linaloufunika waya wenye umeme nalo si mahali pa kujaribia ustadi.

Nirudi kwa mzee. Aliponiambia kwamba mguu ule hushonwa, alinituma nikamtafutie plastiki ya jinsi ile ile, kwa kuwa plastiki za jamii hii zikiyeyushwa hukubali kuungana na wenzao, wala hazikubali wageni. Nikaenda moja kwa moja katika uvungu wa kitanda cha mama. Ni lazima nikiri kwamba sisi watoto wake tumeusema vibaya uvungu ule kwa miaka mingi. Humo huweka kila kilichovunjika na ambacho, kwa hesabu yake, hakijamaliza kazi: beseni lisilo na kitako, vikombe bila mikono, kasha la redio ya marehemu baba. Nilipiga magoti nikavitoa kimoja kimoja nikivipindua, na mama, ameketi kitandani juu yangu akijipepea kwa kipepeo cha ukili, akiniuliza natafuta nini. Beseni lilikuwa polithini, namba 2 ndani ya pembetatu. Kasha la redio halikuwa na herufi yoyote, ni zito, jeusi, na likigongwa hulia kama kigae. Hilo ni bakelaiti, plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo ikishapikwa mara moja haiyeyuki tena mpaka kiyama, na iliyopasuka haina dawa ya moto. Nililirudisha mahali pake kwa mikono miwili. Chini kabisa, nyuma ya vyote, nikakuta kifuniko cha ndoo kilichomeguka ukingo, cheupe, kimeandikwa namba 5 na zile herufi mbili.

Katika Kiswahili cha wazee neno *kuganga* halikuwa la dawa na magonjwa peke yake. Kuganga ni kufunga pamoja kilichoachana, ni kutia banzi katika mfupa na katika mlingoti sawia, na gango ni kile kipande kinachoshikilia pande mbili zisiachane. Mganga wa mtu na fundi wa chombo walinywa katika kisima kimoja cha lugha. Nililifahamu jambo hili vitabuni tangu ujana, lakini sikupata kuliona mpaka siku ile katika kibanda cha lehemu. Mzee alianza kwa kutoboa kitundu kidogo kwa msumari wa moto katika mwisho wa kijiufa kimoja kilichochepuka kando na kuishia katikati ya sahani, na nilipouliza sababu akanieleza kwamba ufa hukimbia kwa kuwa ncha yake ni kali, na tundu la duara huunyang'anya ukali huo. Kisha akatoboa safu mbili za matundu, huku na huku ya mpasuko, akapitisha uzi mwembamba wa shaba aliouvua katika mota iliyokufa, akashona kwa mishono ya mkingamo. Na nilipouona uzi ule ukiingia na kutoka niliikumbuka mitepe ya Lamu, vyombo ambavyo mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja bali zilishonwa kwa kamba za makumbi, vikakata bahari hii vizazi kwa vizazi. Seremala wa mtepe alijua kwamba kuna viungo ambavyo nguvu yake ni katika kukubali kucheza kidogo. Mzee akakizamisha chuma cha kulehemia katika plastiki, akaulaza uzi ndani yake, akakata vipande vya kifuniko cheupe na kuviyeyusha juu ya mshono, taratibu, akivuta chuma kuelekea kwake kama mtu anayepiga pasi kola ya kanzu. Mwisho akapindua, akaweka gango upande wa chini, mkanda mpana wa kifuniko, akaukaza kwa moto pande zote. Kazi yote haikuzidi saa moja. Malipo aliyoyataja nilistahi kumpa hayo peke yake.

Mshono haukufichika. Mguu ni wa kijivu, na kovu lake ni jeupe, limeinuka, lina vituta. Ningeweza kulipaka rangi, nami nilikwisha kununua kopo dogo. Nikaliacha, kwa kuwa siku ufa utakaporudi nataka kuuona mapema, na rangi ingeuficha.

Jioni ile niliisimamisha feni pembeni mwa kitanda. Mama aliinama, akashika ukingo wa mguu, akapitisha kidole gumba juu ya mshono kutoka mwanzo hata mwisho, kama alivyokuwa akikagua pindo za sare zetu za shule kabla ya kutuvalisha. Akasema, "Kimeshonwa kwa mkono." Kisha akaniuliza kilichobaki cha kile kifuniko kiko wapi. Nikakitoa mfukoni, kipande kisichozidi kiganja. Akalivuta kopo la biskuti anamoweka vifungo, sindano na risiti za miaka iliyopita, akakitia humo, akalifunika, akanyosha mguu wake kuelekea kwenye upepo.